Vioo vya Darini na Kopo la Mafuta

Vuteni viti mkae upande huu wa dirisha, maana shingo yangu haigeuki tena, na wewe Donati iweke hiyo simu kifudifudi, ikiita iite. Nimewakalisha mchana kweupe, mkiwa watatu na mko macho, kwa sababu mambo ya kugawana kwetu Burundi husemwa siku ya kuondoa msiba, majuma mengi baada ya maziko, wazee wakiwa wamekaa na majirani wanasikia. Lakini kazini kwenu mtu aliyefiwa hupewa siku tatu, na siku tatu hazitoshi kuzika, kulia na kugawana. Basi kugawana tunakufanya leo nikiwa bado napumua, ili siku hizo tatu mzike na mlale usingizi. Irakoze, usianze. Umeendesha gari kutoka Louisville bila kupumzika, ukilia sasa utaumwa kichwa na mimi sina mkono wa kukukanda.

Mashine ya kusafisha damu nimeiacha kwa akili zangu, hakuna aliyenishauri vibaya, na nesi anayekuja asubuhi amesema mtu wa hali yangu husinzia tu, akasinzia zaidi, basi. Miguu tangu juzi haina habari na mimi. Hata humu kifuani ni hivyo hivyo, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: najua kitu kipo, sikisikii. Kwa hiyo nikisema bila machozi msidhani nimewakasirikia.

Nianze na jepesi. Nyumba hii ni ya Aline kukaa, si ya Aline kuuza. Siku ya kuuza mtakuwa watatu na mtakuwa mmekubaliana, na asiyetaka asisukumwe. Masufuria makubwa ni ya Irakoze, lakini yabaki hapa Buffalo, maana ndiyo yanayopikia harusi na misiba ya watu wetu kuanzia hapa Black Rock mpaka Lackawanna, na sufuria la namna hiyo likipelekwa Louisville litakuwa limekwenda kustaafu. Gari langu mpeni yeyote atakayeweza kuliwasha. Deni sina. Wanaodaiwa na mimi nimewasamehe, msimfuate mtu.

Sasa zito, nalo mnalijua, maana ndilo lililowafanya wewe Donati na wewe Aline msile meza moja tangu Krismasi: vile vioo vilivyotoka darini, na lile kopo.

Ninyi mliondoka wadogo kambini Mtabila, kule Tanzania, Aline akiwa bado mgongoni, kwa hiyo niwaambie jinsi mambo yalivyokuwa. Baba yenu Gakunzi alikuwa mpiga picha wa kambi. Hakuwa na studio, alikuwa na kamera moja, kiti kimoja na kitambaa cheupe ambacho mimi nilikishika nyuma ya mteja, mikono juu, nikiwa nimejificha, na yeye akisema kila mara neno lile lile, "Flavia, kitambaa kisicheze," kisha anahesabu kimoyomoyo, kisha, "Tayari." Filamu ikijaa ilipelekwa Kasulu mjini kusafishwa, na ilikuwa inachukua muda wake kurudi, na kambi haimngoji mtu. Mteja analipa nusu, anasema nyingine nitatoa nikichukua. Picha zinarudi, mteja amepandishwa lori la kwenda Burundi, au ameitwa kwenda Amerika, au Australia, au amezikwa. Baba yenu hakutupa hata moja. Alikuwa anasema picha ya mtu haitupwi mpaka mwenyewe aje, na asipokuja yeye atakuja mtoto wake, maana fundi hauzi mzigo wa mteja na wala hauchomi moto, anautunza. Akazipanga zile negativu, vile vipande vya filamu ambavyo sura huonekana kinyume, cheusi kikawa cheupe, ndani ya kopo la bati la mafuta ya kupikia ya msaada, lile lenye bendera ya Amerika ubavuni. Kopo likapanda ndege nasi. Bendera yao ikarudi kwao, ila ndani hamna mafuta.

Alipoinunua nyumba hii ilikuwa haina bomba zima. Akapanda darini kutandika pamba ya kuzuia baridi, akakuta sanduku la mbao lenye mifuo ndani, na katika kila mfuo kioo kimesimama wima kama sahani kabatini. Akashuka na vumbi mpaka kwenye nyusi, sanduku amelikumbatia, wala hakusema tumepata mali. Alisema, "Mama Irakoze, fundi mwenzangu naye alikimbiwa na wateja." Alivijua mara moja kuwa ni negativu za zamani, za kioo badala ya filamu, kwa sababu pembeni mwa kila kioo palikuwa pamekwaruzwa herufi na mwaka kwa ncha ya kitu kikali, herufi zimegeuzwa nyuma mbele, na yeye ndivyo alivyokuwa akizikwaruza filamu zake, zoni ya kambi na jina la mteja, kwa sindano yangu ya kushonea.

Mnamkumbuka Birindwa, jirani yetu Mkongomani wa mtaa wa nyuma. Alikuja jioni ile, akainua kioo kimoja dirishani, akaona watu wenye sura nyeusi tii wamepanga mstari mbele ya duka, akapiga kofi pajani. "Bon! Baba Irakoze, donc hawa ni watu yetu! Ndiyo maana mtaa inaitwaka Black Rock!" Baba yenu alijua vizuri kwamba hapo mweusi ni mweupe, lakini akamjibu na uso mkavu, "Nami ndivyo nilivyofikiri." Birindwa akaitangaza habari hiyo kanisani, akaipeleka mpaka kazini kwake, mpaka siku Aline alipoegemeza kioo dirishani, akakipiga picha kwa simu na kugeuza rangi, wakatokea wazungu wenye ndevu, na nyuma yao theluji. Birindwa akaichukua simu, akaisogeza machoni. "Mimi nilionaka theluji nyeusi," akasema, "nikajua ni moshi ya viwanda." Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Nakumbuka kwamba nilicheka. Kicheko chenyewe sikipati tena.

Ndipo tukauona mji huu jinsi ulivyokuwa katika karne ile ya kumi na tisa, kioo baada ya kioo, baba yenu akivipangusa kwa mswaki laini wa mtoto. Bandari imejaa milingoti kama shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Maghala ya nafaka ya mbao marefu kuliko kanisa. Nyumbu, wale watoto wa punda na farasi, wamesimama na kamba za mashua kando ya mfereji, hapo hapo chini ambapo leo magari yanapita kwa kasi na hakuna anayejua palikuwa na maji. Barabara pana, taa, vibao vya maduka, reli ya gari la kuvutwa na farasi. Mji mkubwa wa ngano na wa fedha, na ukiwaacha wale wenye ndevu waliopangwa mbele ya duka, barabarani hamna mtu. Wewe Donati ulikuwa bado shule, ukauliza kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yenu, watu wote wamekwenda wapi. Baba yenu akakueleza kwamba kamera za zamani zilikuwa zikila mwanga taratibu, aliyesimama tuli alibaki na aliyetembea hakushikwa, pengine kivuli tu, pengine mbwa mwenye vichwa viwili. "Wapo," alisema. "Walikuwa wanakwenda kazini." Neno lile lilinikaa. Asubuhi nikiwa kwenye basi kwenda kiwandani, sote tumesinzia, nilikuwa nasema moyoni, huyu fundi angetupiga sisi asingempata hata mmoja.

Alipokufa baba yenu aliviacha viwili pamoja, sanduku na kopo, rafu moja, na hakuna aliyevigusa. Sasa mimi nakwenda na ninyi mmevitenganisha.

Donati, juma lililopita ulidhani nimelala. Ulikuwa jikoni unaulizia kontena la taka, lile linaloletwa na lori likawekwa mbele ya nyumba watu wakamwagia vya marehemu. Ukamwambia Aline kwamba vioo una mnunuzi wake New York, na kopo litakwenda na kontena, maana picha zenyewe zimepinda na watu wenyewe hawajulikani. Sikuumia. Nilichojiuliza ni watalishushia upande gani, kwa sababu mbele hapo theluji haijazolewa. Una haki ya kupanga. Mtu anayeendesha malori lazima ajue mapema mzigo unashuka wapi. Ila hili la kopo hapana.

Na wewe Aline usijione mwema. Ulimleta yule mama wa jumba la makumbusho, akavaa glavu nyeupe, akainua vioo kimoja kimoja kama anamnyanyua mtoto mchanga, akasema ni hazina, mji haukuwa na picha nyingi za namna ile. Ukamletea na kopo. Akatazama vipande viwili vitatu, akatabasamu vizuri tu, akasema hizi ni kumbukumbu za familia yenu, zitunzeni. Hakukosea adabu na sikumchukia. Lakini wewe uliona haya, nikaona unalifunika upesi, na tangu siku hiyo umelihamishia chini ya sinki karibu na sabuni, ambako pana unyevu. Nani aliwaambia kwamba vile vioo vilizaliwa hazina? Siku ile fundi yule alipoviweka darini vilikuwa takataka za mtu ambaye wateja hawakurudi. Kilichovifanya hazina ni paa lisilovuja na watu waliopita humu bila kuvitupa. Vioo vina mji usio na watu. Kopo lina watu wasio na mji, maana Mtabila ilifungwa, nyumba zikabomolewa, na anayekwenda leo atakuta nyasi. Basi za kopo nazo ni picha za mji vilevile. Ni za mapema mno tu, hazijafika umri wa kuitwa hazina.

Nipeni maji. Kidogo, ya kulowesha ulimi. Basi.

Mnasema watu hawajulikani. Irakoze hukuwapo, sikiliza. Mwaka jana alikuja hapa Généreuse, binti wa pale Linden, Columbus, anakaa barabara moja na Donati na hawajuani. Alikuja kwenye harusi Lackawanna, akasikia mezani kwamba mjane wa Gakunzi wa Mtabila ana picha. Mama yake alifia kambini yeye akiwa mdogo sana, na hakuwa na sura yake hata kwenye mawazo. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akainua vipande dirishani kimoja kimoja, na kwa sababu sura ni kinyume humtambui mtu kwa sura, unamtambua kwa jinsi anavyoweka mabega. Yeye alitambua gauni, kwa sababu gauni lile shangazi yake alilivaa baadaye. Hakulia. Alishika kile kipande kwa ncha za vidole akaniomba chai, akainywa yote bila kukiweka chini. Kisha akauliza, "Mama, hivi vidole hapa juu ni vya nani?"

Nikamwambia ni vyangu. Nilikuwa nashika kitambaa. Kwenye picha anayopewa mteja baba yenu alikuwa anavikata kwa mkasi, lakini kwenye filamu vilibaki.

Akasema, "Kumbe ulikuwepo." Basi, akavaa koti akaondoka. Sikusikia kitu siku ile pia, ganzi hii haikuanza na figo, ilianza zamani. Lakini nililiondoa kopo mezani kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nasema, na asiyekubali aseme sasa niko hai. Vioo vipelekwe kwa yule mama mwenye glavu, bure, maana wana chumba cha ubaridi na ukavu ambacho sisi hatuna, na ule ni mji wao, wauangalie. Donati, usikunje uso. Mpigie mnunuzi wako umwambie mzigo si wetu, ni wa wateja wa fundi mwenzake baba yako, na akikuuliza fundi gani mwambie hata sisi hatumjui. Sharti ni moja: kwenye sanduku waandike kwamba aliyevikuta na kuvitunza ni Gakunzi, mpiga picha. Siyo mkimbizi. Mpiga picha.

Kamera mpeni baba yenu mdogo Karaha, kule Louisville. Miaka yote anasema ilinunuliwa kwa ng'ombe wa baba yao na kwamba Gakunzi aliila peke yake, na kwa neno hilo hakuja kumzika ndugu yake. Sijui ukweli wa ng'ombe, mimi niliolewa nikaikuta kamera. Haifanyi kazi, lenzi yake imeota ukungu, lakini ndiyo anayoitaka, basi Irakoze umpelekee mwenyewe, umkabidhi kwa mikono miwili na useme shikamoo. Akitukana, nyamaza. Akija kwenye msiba wangu akae kiti cha mbele, na asiwepo wa kumnong'ona. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mmelima vya kutosha juu ya ugomvi ule.

Limebaki kopo. Nimelifikiria sana hapa nilipolala, maana kufikiri ndiyo kazi iliyobaki. Nilitaka kuligawa mafungu matatu nikaona ni upuuzi, kila fungu litafia kabatini kwake. Nilitaka lipande darini alikovikuta vile vioo baba yenu, lingoje nalo miaka mia, nikaona mia ni mingi, watoto wa wale watu wanazeeka sasa. Halafu nikaona kitu ambacho ningekiona mapema kama ningekuwa na nafasi. Watu wa Mtabila wametapakaa, Louisville, Columbus, hapa, na hakuna siku wanayokaa chumba kimoja. Harusini huja nusu. Lakini msibani watakuja, hata wasionipenda watakuja, wataomba ruhusa kazini, watapanda gari moja watano watano. Kufa kufaana, walisema wahenga, na mimi sioni kwa nini nife bure.

Basi fanyeni hivi. Ukumbi uwe ule wa kanisa la Lackawanna wenye madirisha makubwa, na iwe asubuhi, si jioni, mwanga ndio kazi yenyewe. Mkitoka makaburini, kabla ya chakula, maana wakishashiba wataondoka, pangeni meza ndefu chini ya madirisha, mtandike shuka jeupe, mmwage kopo lote. Aline usimame na simu yako uwageuzie rangi wazee wasioona vizuri. Kila mtu ainue, atafute, achukue wake. Asiulizwe uthibitisho, mtu hawezi kumwiba mama wa mwenziwe. Wapo watakaosema hawa watoto wameyageuza matanga kuwa soko. Waacheni waseme, wakiona za kwao zikipatikana watanyamaza.

Zitakazobaki ni za Donati. Wewe, ndiyo. Si kwa sababu unazipenda, huzipendi. Ni kwa sababu una gari, na njia zako ndizo hizo hizo, Louisville, Columbus, Buffalo, kila juma, na sijawahi kusikia umefikisha mzigo mahali pasipo pake. Liweke kopo mbele, siti ya abiria, pakavu. Ukishusha, uliza kanisani, uliza dukani kwa watu wetu, uliza msikitini pia. Atakayekuambia ni takataka mwambie unajua, na wewe ulisema hivyo. Na kontena lako la taka lilete, nguo zangu na hiki kitanda sivihitaji, ila lisogee upande wa uchochoro lisizuie majirani.

Aline, funika miguu yangu, ingawa haijui.

Mbele ya jeneza msiniwekee picha kubwa ya kupambwa maua. Najua mmekwisha kuitafuta na hamkuipata, mpiga picha hakunipiga, mikono yangu ilikuwa na kazi. Tieni ile ya kitambulisho, yenye uso wa kama nimekamatwa. Anayetaka kuniona vizuri ainue picha ya wake pale dirishani, atazame juu, pembeni, kulia na kushoto. Zote. Nimo katika zote.

Mungu aliyewavusha... niliwaombea siku zote njiani, sasa na ninyi muombeane. Msile meza mbili. Irakoze, wewe ni mkubwa, wakosapo wagombeze halafu wapikie. Donati, endesha polepole kwenye barafu. Aline... mwanangu wa mgongoni. Nawabariki kwa jina la Baba... mmalizie wenyewe, pumzi fupi.

Mkono huu umechoka. Mmoja wenu ashike upande huu wa kitambaa. Juu kidogo. Hapo. Kisicheze.